Mnufaika Amekataa

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, jogoo wa jirani akiwa bado anapima awike au asiwike, Nesi Theodosia alivuliwa nguo.

"Haya bibi, tunaenda kuoga," Eveline, mhudumu wake, alisema, na Theodosia, aliyejua vizuri kwamba anayekwenda kuoga ni mmoja tu na mwenzake amevaa sweta, alinyamaza. Alinyamaza maji ya baridi yalipomteremka mgongoni. Alinyamaza pia wakati wa kuvalishwa, Eveline alipoanza na mkono mzima kisha akauvuta ule uliopooza uufuate mwenzake kwenye gauni. Miaka na miaka Theodosia aliwafundisha wauguzi wanafunzi kwamba nguo huanzia upande mgonjwa. Sasa aliuma meno, akatazama dari.

Si kwamba hakuweza kusema. Kiharusi kilichompata mwaka jana kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikaacha ulimi kama kilivyoukuta, na waliomfahamu walisema kiharusi kile hakikujua mahali pa kupiga. Alikuwa mkunga miaka thelathini na tano katika zahanati moja ya barabara ya Mlimba, na ulimi ule ulikuwa nusu ya vifaa vyake vya kazi. Wapo wanawake watu wazima ambao wakiusikia sokoni mpaka leo wanabana magoti.

Lakini katika kazi yake Theodosia aliwagawa wagonjwa mafungu mawili tu: wazuri na wasumbufu. Mgonjwa mzuri hasemi. Msumbufu huuliza dawa hii ni ya nini, hutaka shuka lingine, huita nesi kabla nesi hajamaliza chai yake. Theodosia alijua jinsi wasumbufu wanavyosemwa kwenye chumba cha manesi, kwa kuwa msemaji mkuu alikuwa yeye. Kwa hiyo siku aliporudishwa nyumbani kwake Kibaoni juu ya kiti cha magurudumu, aliapa moyoni: mimi sitakuwa msumbufu.

Mwanaye wa pekee, Beatus, alikuwa ofisa Dodoma. Alimtafutia mama yake huduma kwa kampuni moja ya pale Ifakara iliyoitwa Huruma Mlangoni, na fomu ya mahitaji aliijaza kwa simu akiwa kikaoni. Mteja anapenda nini? Uji wa ulezi, akajibu. Na nini kingine? Kwaya. Na kulala mapema. Basi Theodosia akanyweshwa uji asubuhi, mchana na jioni, yeye aliyewanywesha uji wazazi wa bonde zima bila kuuonja. Kwaya ikaimbwa kutwa. Mama huyu Jumapili alipenda kwaya kama Mkatoliki mwingine yeyote, lakini raha yake kubwa tangu usichana ilikuwa kusikiliza mpira redioni. Hilo halikuwa kwenye fomu.

Miezi saba ikapita hivyo. Ndipo akaja Evod, mratibu wa kampuni, kijana ambaye kitambulisho hakikumtoka shingoni hata kanisani.

"Shikamoo bibi yetu," alisema, na kabla marahaba haijatoka alikwishamgeukia Eveline. "Anaendeleaje? Anakula?"

"Anakula," Eveline akajibu.

"Alhamisi tunamhitaji. Wafadhili wametupa mradi, unaitwa Mteja Mwenye Sauti. Semina ya kuwawezesha wateja wajue haki zao, waamue mambo yao wenyewe. Ataweza kukaa kwa muda wa saa nne?"

"Ataweza."

Theodosia alikuwa ameketi katikati yao kama meza.

Alhamisi alivalishwa fulana ya manjano iliyoandikwa NINA SAUTI. Ilikuwa ya kubana, na mkono mgonjwa uliingizwa kwa shida kuliko siku zote. Katika ukumbi wa parokia wateja kumi na mmoja walipangwa mstari wa mbele ili wapigwe picha. Picha zilipokwisha wakarudishwa nyuma, maana pale mbele walikuwa wanaziba meza ya wageni. Theodosia akajikuta kando ya Mzee Tamimu, aliyewahi kuwa na duka la vitenge sokoni kabla kisukari hakijamchukua miguu yote miwili.

Mwezeshaji alikuwa Bwana Faustino kutoka Morogoro, mtu mwenye sauti nzuri na kalamu za rangi nne. Alizitaja haki saba za mteja, akazirudia, akataka ukumbi uzirudie. Kisha akaunda vikundi vya kujadili swali: Mteja anataka nini? Watoa huduma wakakaa kwenye vikundi. Wateja wakabaki walipokuwa.

"Mimi nataka mtu anikate kucha," Mzee Tamimu alimwambia mtoa huduma wake alipopita na karatasi.

"Hilo ni upendo, babu," kijana akamjibu, akaandika: Mteja anataka upendo.

Ilipofika saa tano na nusu, mwezeshaji akizifafanua haki moja moja, Theodosia alihitaji kwenda chooni. Alivumilia haki ya nne. Alivumilia ya tano. Katikati ya ya sita akanyoosha mkono wa kushoto.

"Mnaona!" Bwana Faustino aling'aa uso. "Mama amenyoosha mkono! Mama ameanza kutumia sauti yake! Makofi tafadhali!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mpiga picha akaja mbio.

"Naomba kwenda chooni," Theodosia alisema.

"Ahsante sana mama kwa mchango huo. Kwa kuwa muda wa maswali haujafika, tutauweka kwenye maegesho." Mwezeshaji akalielekea bango lililoandikwa MAEGESHO YA HOJA, akaandika kwa kalamu ya kijani: Choo.

"Niandike na mimi," Mzee Tamimu akasema.

Bwana Faustino akaongeza alama ya mara mbili, akarudi kwenye haki ya sita, ambayo ilihusu kusikilizwa kwa wakati.

Aliyeuona uso wa Theodosia ni Eveline. Alitoka kwenye kikundi chake, akakigeuza kiti, akakisukuma kuelekea mlangoni.

"Eveline, mnaenda wapi?" Evod alinong'ona kwa ukali. "Ndiyo tunaingia kipengele cha mteja kuamua."

Eveline hakusimama. Choo cha parokia kilikuwa na ngazi tatu na hakikuwa na njia ya magurudumu, kwa hiyo alimbeba mama mzima mgongoni kama gunia la mpunga, akapanda naye, akamketisha. Walifika kwa bahati.

"Mbona hukuniambia mimi?" Eveline alisema akihema. "Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako."

"Si uliniona nimenyoosha mkono?"

"Nilidhani unachangia hoja."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Theodosia, kicheko cha kwanza tangu kiharusi, na kwa jinsi midomo yake ilivyokwenda upande mmoja Eveline naye akashindwa kujizuia. Walipomaliza kucheka Theodosia alisema, "Na kingine. Unaponivalisha, anza na mkono mgonjwa. Kuvua, anza na mzima."

"Kwa hiyo miezi saba nimekuwa nakuumiza?"

"Miezi saba."

"Na umenyamaza tu?"

Theodosia alitazama ukuta.

Kuanzia kesho yake aliacha kunyamaza, na lingekuwa jambo jema kama angeishia kwenye mambo ya kuoga na kula. Lakini ulimi uliokaa likizo miezi yote hiyo ulirudi kazini na nguvu zote. Maji yakachemshwa, yakawa moto sana, yakapozwa, yakawa ya baridi, yakachemshwa upya. Uji ulipigwa marufuku. Kitanda kiligeuzwa kielekee dirishani, kikageuzwa kielekee mlangoni, kikarudi dirishani. Eveline akaambiwa jinsi ya kufagia, jinsi ya kusimama, na kwamba nywele alizosuka hazifai mbele ya mgonjwa. Jumamosi Theodosia alimtuma dereva wa bajaji sokoni akamnunulie filimbi ya mwamuzi. Mlio mmoja ulimaanisha maji ya kunywa, miwili mto, mitatu njoo hapa mara moja. Watoto wa jirani wakaanza kusimamisha mpira wao kila akitaka maji.

Kila jioni alimpigia Beatus simu. Shuka halijatakata. Chai imekuja ikiwa imepoa. Binti anacheka na simu yake. Alikuwa akijisikia vizuri kuliko wakati wowote tangu astaafu.

Wiki ya pili, Eveline alifua shuka moja mara tatu. Filimbi ilipolia mara ya nne alikuja akiwa bado na povu mikononi, akaliweka beseni sakafuni.

"Mama, naomba niseme."

"Sema."

"Kampuni imenileta nikusaidie huo mkono na huo mguu. Sikuja kuitwa kama mbwa."

"Mteja ana haki ya..."

"Haki ya tatu, naijua, tulikuwa wote." Eveline hakuinamisha uso. "Mama yangu anaitwa Brigita, yuko Mbingu. Mimi nilizaliwa pale kwenye zahanati yako. Ulinipokea wewe. Nilipopangiwa kuja hapa nikampigia nikamtajia jina lako. Halafu akaniambia: 'Huyo mama alinipiga kibao cha paja. Akaniuliza, ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulilia hivi? Nikamwomba nichuchumae maana mgongo ulikuwa unakatika, akasema, hapa anayejua ni mimi.'"

Nje mtoto alipita akiburuta tairi. Theodosia alisubiri lipite.

"Na bado ukaja?"

"Nilitaka kukuona. Nikakuta umenyamaza hivyo, mpole, nikasema mama yangu amekosea mtu." Eveline aliliokota beseni. "Sasa naona hakukosea."

Alasiri ile filimbi haikulia. Theodosia alikaa dirishani akiutafuta uso wa Brigita. Alikumbuka kitanda cha chuma kilichokuwa na kutu mguuni, akakumbuka pazia la kijani na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Maneno yale aliyakumbuka neno kwa neno, kwa kuwa aliyasema karibu kila wiki, na wenzake walikuwa wakicheka. Uso wa Brigita haukuja. Walikuwa wengi mno.

Asubuhi alipoamka, filimbi aliitia kabatini, akamwita binti kwa jina.

"Eveline. Leo ungeweza kuniogesha saa ngapi?"

Eveline alimtazama kwa mashaka, kama mtu anayetafuta mtego ulipo. "Wewe unapenda saa ngapi?"

"Saa mbili. Jua linakuwa limepata nguvu."

"Saa mbili nafua. Labda na nusu?"

"Na nusu, sawa."

Hayakuwa mapinduzi. Siku nne walikwenda hivyo, wakipatana kimoja kimoja kama watu wanaovutana bei ya nyanya, na mara mbili Theodosia alijisahau akafoka, na mara moja Eveline alimjibu ovyo. Mchana walisikiliza mpira. Eveline hakuujua, ikabidi aelezwe maana ya kuotea, akaelewa vibaya.

Jumatatu bajaji ilisimama mlangoni. Akashuka Evod na kitambulisho chake, na nyuma yake mwanamke wa makamo mwenye begi.

"Bibi yetu, habari njema! Huyu anaitwa Digna, ndiye mhudumu wako mpya. Eveline anahamia Malinyi leo."

Eveline alikuwa akianua nguo. Shuka likamtoka mkononi. Ilikuwa dhahiri kwamba habari hiyo njema naye alikuwa anaisikia sasa hivi.

"Nani kaomba hayo?" Theodosia akauliza.

"Wewe mwenyewe. Yaani, mwanao. Ametuletea malalamiko yako kurasa mbili, tumeyafanyia kazi, tumeyafunga. Mama, huo ndio ushahidi kwamba sauti yako imesikika!"

"Mimi sitaki Eveline aondoke."

"Sasa, bibi, lalamiko likishafungwa halifunguliwi. Mfumo haukubali."

"Lakini mteja si mimi? Si mlisema mteja ndiye anayeamua?"

Evod alicheka kwa upole, akachuchumaa mbele ya kiti kama mtu anayezungumza na mtoto wa chekechea. "Kimkataba, bibi, mteja ni yule aliyesaini. Mteja wetu ni Bwana Beatus. Wewe ni mnufaika."

"Na fulana?"

"Fulana ni ya mradi. Mkataba ni wa kampuni."

Theodosia aliyatafakari hayo. Kisha akalisukuma gurudumu kwa mkono mmoja mpaka kiti kikaingia kati ya miimo ya mlango, akafunga breki ya kushoto.

"Basi mnufaika amekataa kunufaika," alisema.

Evod alitazama kushoto na kulia, akakishika kiti nyuma, akakisukuma taratibu. Gurudumu moja lilikuwa huru na jingine limefungwa, kwa hiyo kiti kilizunguka mahali pale pale, na mama akageuka na kuwatazama majirani, ambao kwa wakati ule walikuwa wameanza kutoka. Evod akakiachia haraka.

"Nasikia Jumatano wafadhili wanakuja," Theodosia aliendelea, sasa kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. "Wanakuja kumwona nani?"

"Wanakuja... wanakuja kumsikiliza mteja mwenye sauti."

"Ndiye nani huyo?"

"Ni wewe, bibi. Wengine wote ama hawasikii vizuri ama... Mzee Tamimu anaongelea kucha tu."

"Mimi mnufaika. Mwiteni Beatus atoke Dodoma aje avae fulana."

Jirani mmoja alicheka. Evod alijipangusa jasho kwa kitambulisho, akaomba samahani kwa sababu ya jambo ambalo hakulitaja, akampigia Beatus na kuiweka simu sauti kubwa.

"Mama, kuna nini tena?" sauti ya Beatus ilitoka katikati ya makelele ya watu. "Si wewe uliyelalamika kila siku?"

"Nililalamika. Nilikuwa naongea na mwanangu, sikuwa najaza fomu."

"Haya. Kwa hiyo unataka nini?"

Tangu aumwe hakuna aliyemuuliza Theodosia hivyo.

"Nataka Eveline abaki," alisema. "Nataka mkataba uandikwe jina langu, hata kama unalipa wewe. Na uji ufutwe."

"Lakini mama, wewe si unapenda uji?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unapenda uji, Beatus. Ulikuwa na miaka minne."

Beatus akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba atasaini chochote watakachomtumia.

"Sawa kabisa," Evod akasema akiwahi kuirudisha simu mfukoni. "Basi Eveline anabaki, limekwisha."

"Limekwishaje?" Eveline alikuwa amesimama na kapu la nguo kiunoni. "Mmenihamisha Malinyi, mmenirudisha Kibaoni, na hakuna aliyeniuliza. Wala wewe, mama."

Theodosia aliona aibu, tena mbele ya majirani. "Kweli," alisema. "Eveline, unataka nini?"

"Nitabaki. Lakini Jumapili ni yangu, nakwenda nyumbani Mbingu. Na hiyo filimbi nisiione tena."

"Chukua, umpe mtu."

"Na mimi je?" Digna aliuliza. Muda wote huo alikuwa ameketi juu ya begi lake pale kivulini. "Nimeacha kazi Mlimba kuja huku."

"Mpelekeni kwa Mzee Tamimu," Theodosia alimwambia Evod, kisha akamgeukia Digna. "Lakini wewe ukifika muulize mwenyewe kwanza kama anakutaka."

Jumatano wafadhili walikuja kwa magari mawili. Waliupiga picha mkono wa Theodosia, waliipiga picha fulana, wakamuuliza Evod kama mama amefurahi. Evod alianza kujibu. Halafu akamtazama mama, akakohoa, akasema ingekuwa vizuri wamuulize yeye. Wakamuuliza, naye akawaeleza kwa dakika arobaini, kuanzia ngazi tatu za choo cha parokia. Mkalimani aliacha kutafsiri mahali fulani katikati.

Jumamosi ya pili baada ya hapo Theodosia alimuuliza Eveline kama Brigita angekubali kumwona. Jibu lilichukua siku tatu kuja, nalo lilikuwa fupi: aje. Walikwenda kwa gari la kukodi la mjomba wa Eveline, kiti kimefungwa nyuma kwa kamba, wakipita kati ya mashamba ya mpunga yaliyokuwa yameanza kugeuka rangi.

Brigita alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono ya jembe. Alimwamkia Theodosia shikamoo kama inavyopasa, akaitikiwa, akaketi kwenye kigoda mbele ya kiti cha magurudumu. Hapo, Theodosia alipomtazama usoni, alitumaini kumkumbuka. Hakumkumbuka, na alisema hivyo.

"Mimi nakukumbuka," Brigita akajibu.

Akasimulia. Alisimulia tangu alivyotembea na uchungu kutoka shambani, na mvua ilivyokuwa, na nani alikuwa kitanda cha pili, na kila neno aliloambiwa. Mara kadhaa Theodosia aliliona jibu likimjia ulimini: kwamba walikuwa wakunga wawili kwa vijiji sita, kwamba nao walipigiwa kelele na wakubwa wao, kwamba mtoto si alitoka salama? Yote yalikuwa kweli. Aliyameza moja baada ya jingine, ikawa kazi ngumu kuliko mazoezi ya mguu.

"Nisamehe, Brigita," Theodosia alisema, mwenzake alipofika mwisho. "Nilikukosea. Ulikuwa unaujua mgongo wako mwenyewe kuliko mimi."

Brigita aliinuka, akakung'uta kanga.

"Basi, nimesema," akajibu, akaelekea jikoni.

Theodosia na Eveline wakabaki uani na kuku.

"Mama, tuondoke au tukae?" Eveline aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapa si kwangu. Muulize mwenye nyumba."

Eveline alikwenda mpaka mlango wa jikoni, akauliza. Ulisikika mlio wa mwiko kwenye sufuria.

"Mkae," Brigita akasema kutoka ndani. "Nimeshapika."